Kozi za maandalizi ng'ambo: tunauza viwanja kununua mwaka usiohesabiwa

Mwezi uliopita mama mmoja wa Mtwapa alinijia na bahasha. Ndani mlikuwa na barua ya kurasa tatu kutoka Uingereza, juu yake nembo ya chuo kikuu chenye jina, na sentensi ya kwanza ilimpongeza mwanawe kwa kupata nafasi. Kijana ana gredi ya B- katika KCSE na anataka kusomea sheria. Mama hakuja kuniuliza kama barua ni ya kweli. Hilo ajenti alikuwa amekwisha kumhakikishia, na kusema haki barua ilikuwa ya kweli. Alikuja kuniuliza kama namfahamu mtu wa kununua kiwanja Ukunda kwa haraka, maana amana ya pauni 6,000 ilitakiwa ifike kabla ya mwezi kwisha.

"Mwalimu, hiki ni kiwanja cha mirathi," akaniambia. "Kaka zangu wamekubali tukiuze. Wamesema elimu ya mtoto nayo ni mirathi."

Nikaisoma barua mara mbili. Ukurasa wa pili ndio uliokuwa na habari. Nafasi aliyopewa kijana haikuwa ya shahada ya sheria. Ilikuwa ya kozi ya maandalizi, mwaka mmoja, katika koleji inayofundisha kwa niaba ya chuo kikuu kile. Karo pauni 19,500. Shahada yenyewe, kwa pauni 17,000 kila mwaka, ingefuata ikiwa mwanafunzi atapata asilimia 65 kwa jumla na kufikia kiwango kilichotajwa cha Kiingereza. Mama hakuwa ameliona lile neno "ikiwa". Mwanawe alikuwa ameliona, ila hakupata ujasiri wa kulisema.

Barua za namna hii zimekuwa nyingi Pwani. Kila matokeo ya KCSE yakitoka, vikundi vya WhatsApp vya wazazi hujaa matangazo ya faundesheni, mwaka sifuri, mwaka wa lugha. Hoteli zetu za Nyali huwa na maonyesho ya vyuo ambapo kijana huingia na nakala ya cheti na kutoka na ahadi ya nafasi siku hiyo hiyo. Swali ninaloulizwa kila mara ni lile lile: hawa ni wa kweli au ni matapeli? Ni swali la lazima, lakini likishajibiwa watu hudhani kazi imekwisha. Familia nyingi ninazozijua ambazo ziliumia hazikuumizwa na tapeli. Ziliuziwa kitu cha kweli kwa bei iliyoandikwa, na hazikujua kitu chenyewe ni kipi.

Kozi ya maandalizi ipo kwa sababu miaka yetu ya shule haitoshi kwa hesabu ya wenzetu. Muingereza huingia chuo kikuu baada ya miaka 13 ya masomo, miwili ya mwisho akiwa amejikita katika masomo matatu ya A-level. Mkenya wa 8-4-4 humaliza na miaka 12 na masomo saba au manane. Mwaka huo uliopungua ndio unaouzwa kwa pauni 19,500.

Na tuliupunguza wenyewe. Waliovuka miaka 55 wanakumbuka: miaka saba ya msingi, minne ya sekondari, miwili ya kidato cha tano na sita, kisha mitatu ya chuo kikuu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza Januari 1985, kidato cha tano na sita vikawa vinahesabiwa siku. Mtihani wa mwisho wa KACE ulifanywa 1989, mwaka ule ule wa KCSE ya kwanza. Mwaka ulioondolewa shuleni ukahamishiwa chuo kikuu, shahada zetu zikawa za miaka minne. Ukijumlisha, 16 kule na 16 huku. Ndani ya Kenya hesabu ilikaa sawa. Ukitoka nje kuna pengo la mwaka mmoja, na tangu wakati huo kila familia hulijaza kwa mfuko wake.

Kuna wazazi wanaoniambia watasubiri mtaala mpya uwaokoe. Wasiutegemee sana kwa hili. Ukiondoa miaka miwili ya chekechea, mfumo wa 2-6-3-3-3 unampeleka mtoto hadi gredi ya 12, yaani miaka 12 tena. Walioingia gredi ya 10 Januari 2026 watamaliza 2028 wakiwa wamebobea kidogo katika mkondo wao, jambo ambalo ni zuri, lakini idadi ya miaka ni ile ile. Na kabla yao kuna darasa la mwisho la KCSE, lile la 2027, ambalo bado limo shuleni na ajenti wake wameshaanza kulitembelea.

Sasa turudi kwenye ile barua. Mtu anapolipia mwaka wa maandalizi, ananunua mlango. Jambo la kuuliza ni kama mlango huo unaingia nyumba moja au unatoka barabarani. Cheti cha A-level kinatoka barabarani: ukiwa nacho unaomba Leeds, unaomba Kuala Lumpur, unaomba Cape Town, na chuo kimoja kikikukataa unabisha hodi kwa kingine. Zipo kozi za maandalizi ambazo cheti chake kinakubaliwa na vyuo kadhaa vilivyoungana. Na zipo, nazo ndizo zinazotangazwa zaidi kwetu, ambazo cheti chake kina maana kwa chuo kimoja tu kilichoingia mkataba na ile koleji. Kijana akipata asilimia 61 badala ya 65, chuo hicho kinaweza kumpa kozi nyingine asiyoitaka, au kisimpe kitu. Hapo cheti alichonacho hakimfikishi mbali, na mwaka umekwenda.

Wanaotaka udaktari ndio wa kuangalia zaidi. Kule Uingereza nafasi za udaktari kwa wageni ni chache sana, kuna mtihani wake wa kuingilia na kuna mahojiano, na kozi ya maandalizi yenye neno "tiba" katika jina lake haimaanishi kwamba anayeifaulu ataingia udaktari. Mara nyingi huishia kwenye sayansi ya viumbe. Hili liko katika maandishi yao wenyewe, kwa herufi ndogo.

Nilimwomba mama tupige hesabu ya njia nzima, si ya mwaka wa kwanza peke yake. Karo ya maandalizi 19,500. Karo ya shahada miaka mitatu, 51,000. Fedha za kujikimu ambazo serikali ya Uingereza inataka mwombaji wa visa azionyeshe ni zaidi ya pauni 10,000 kwa miezi tisa nje ya London, na hizo ziwe zimekaa katika akaunti siku 28 mfululizo. Ada ya huduma za afya ni pauni 776 kwa kila mwaka. Tukiweka miaka minne bila tikiti ya ndege na bila bei kupanda, tulifika kama pauni 115,000. Kwa shilingi zetu inapita milioni 19. Kiwanja cha Ukunda kilikuwa kimepata mteja wa milioni 3.5.

Mama akanyamaza. Kisha akasema ajenti alimwambia mtoto akifika atafanya kazi.

Mwanafunzi wa shahada kule huruhusiwa saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa muhula. Aliye katika kozi iliyo chini ya kiwango cha shahada, na maandalizi huhesabiwa hivyo, huruhusiwa saa 10. Saa 10 za kuosha vyombo hazilipi pauni 17,000. Na sheria nazo zinasonga. Visa ya kubaki kutafuta kazi baada ya shahada, ambayo imekuwa ya miaka miwili, itakuwa ya miezi 18 kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027. Anayeanza na mwaka wa maandalizi anafika kwenye visa hiyo mwaka mmoja nyuma ya wenzake, na nani ajuaye itakuwa imebaki miezi mingapi.

Ujerumani wana utaratibu wao unaoitwa Studienkolleg. Ni mwaka mmoja, mihula miwili, na mwisho wake kuna mtihani uitwao Feststellungsprüfung unaomfungulia mwanafunzi chuo kikuu. Madarasa yamegawanywa kwa fani: T ni ya uhandisi na hisabati, M ya udaktari na sayansi za viumbe, W ya uchumi, na mengine ya sanaa na lugha. Studienkolleg za serikali hazitozi karo, isipokuwa mchango mdogo wa kila muhula. Gharama iko kwingine. Mwombaji hutakiwa kuweka euro 11,904 katika akaunti iliyofungwa, inayomtolea euro 992 kila mwezi akiwa kule. Kwa viwango vya karibuni ni kama shilingi milioni 1.8. Ni fedha nyingi, lakini angalia tofauti: hizi ni chakula na kodi ya nyumba ya mtoto mwenyewe. Hakuna aliyezila kwa jina la karo.

Kigingi cha Ujerumani ni lugha. Kuingia Studienkolleg kuna mtihani, nao ni kwa Kijerumani, kiwango cha B1 na mara nyingi B2. Vijana wetu wa Diani wanaojua Kijerumani cha kuuzia vinyago wasijidanganye hapo. Mtihani una sarufi ya kuandika, na wa T una hisabati. Lakini lugha hiyo inaweza kusomwa hapa hapa kabla ya kulipa kitu chochote kule, na mtoto akifeli B1 akiwa Mombasa hasara yake ni ada ya darasa. Akifeli akiwa Uingereza hasara yake ni kiwanja. Tahadhari moja: kuna Studienkolleg za binafsi zinazotoza maelfu ya euro, na ndizo ambazo ajenti huzileta kwetu. Baadhi ni nzuri. Ni lazima kuuliza kama mtihani wake wa mwisho unatambuliwa na vyuo vyote vya nchi hiyo au na kimoja tu.

Kuna jambo jingine kuhusu Ujerumani ambalo sijasikia ajenti yeyote akilisema. Mwenye KCSE peke yake kwa kawaida huelekezwa Studienkolleg. Aliyemaliza vyema mwaka mmoja katika chuo kikuu kinachotambuliwa huku nyumbani anaweza, kulingana na gredi zake, kuruhusiwa kuingia shahada ya fani ile ile moja kwa moja. Vyuo kadhaa vya Uingereza pia humpima mtu wa namna hiyo kwa mwaka wa kwanza bila maandalizi. Maana yake, mwaka mmoja katika Technical University of Mombasa pale Tudor, au Pwani University pale Kilifi, au Taita Taveta University kule Voi, unaweza kufanya kazi ya ule mwaka wa pauni 19,500. Na mtoto akibadili nia, au visa ikikataliwa, bado yuko chuo kikuu, anaendelea na mwaka wa pili. Kabla ya kutegemea hili, uliza chuo husika kwa maandishi. Kwa Ujerumani, afisi ya DAAD iko Nairobi na kazi yao ni kujibu.

Njia ya A-level nayo haijafa. Mombasa kuna shule za binafsi zinazofuata mtaala wa Cambridge. Karo yake si ya mchezo, na ni miaka miwili, lakini mtoto anakula nyumbani. Na watu wa Pwani tunasahau kwamba ukivuka Lungalunga, Tanga pale, kidato cha tano na sita bado vipo, kama vilivyo pia Uganda. Vyuo vingi vya Uingereza huvipokea vyeti vya Tanzania na Uganda vya kidato cha sita kama vinavyopokea A-level. Kuna taratibu za kibali na za kulinganisha cheti cha KCSE kule Tanzania, na zinataka uvumilivu. Wazee wetu walikuwa wakivuka mpaka huo kutafuta elimu bila kuona ajabu.

Sitakaa sana Malaysia. Ni nchi inayopendwa na familia zetu kwa sababu zinazojulikana: chakula halali, gharama nafuu kuliko Ulaya, na chuo kikuu cha kimataifa cha Kiislamu kilichoanzishwa 1983. Faundesheni yake kwa mwenye KCSE huwa mwaka mmoja. Maswali ni yale yale. Cyprus Kaskazini pia inatangazwa sana kwa bei ya chini na mwaka wa kwanza wa Kiingereza. Mzazi ajue tu kwamba dola hiyo haitambuliwi na nchi yoyote isipokuwa Uturuki, na mtoto akipata shida hakuna ubalozi wa Kenya wa kumkimbilia.

Uturuki wenyewe ni habari nyingine. Ufadhili wa serikali yao, Türkiye Bursları, huchukua maombi kwenye mtandao kati ya tarehe 10 Januari na 20 Februari, na kuomba ni bure. Anayefaulu hulipiwa karo, malazi, bima, tikiti, hupewa posho, na mwaka wa kwanza wote ni wa kusoma Kituruki. Lazima afikie kiwango cha C1 kabla ya kuanza shahada, na wapo wanaokwama hapo. Mwombaji wa shahada ya kwanza awe chini ya miaka 21 na awe na asilimia 70, na kwa udaktari asilimia 90. Mwaka jana kijana mmoja wa mtaani kwetu aliniambia amelipa shilingi 25,000 kwa mtu wa kumjazia fomu hiyo. Fomu ya bure.

Halafu kuna mwaka wa Kiarabu, ambao Pwani tunaufahamu kuliko kozi zote nilizozitaja, ingawa hatuuiti kozi ya maandalizi. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa 1961, kina maahad yake ya kuwafundisha Kiarabu wasio Waarabu kabla hawajaingia kitivo. Azhar wana utaratibu wa kulinganisha vyeti na wa kumrudisha nyuma mwanafunzi ambaye lugha yake haijatosha. Vijana wetu wengi wametumia mwaka mmoja au miwili huko kabla ya kuhesabiwa kuwa wanafunzi wa chuo kikuu, na hakuna aliyeona wameibiwa.

Nadhani ipo sababu. Vita vilipozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, wanafunzi wa Kenya waliokuwa Sudan walilazimika kukimbia na mabegi yao. Waliopoteza muhula walipoteza muhula, na wengine stakabadhi zao zilibaki kule. Lakini Kiarabu walichokisoma walirudi nacho kichwani, na kilikuwa na thamani ile ile Cairo au Madina. Mwaka wa lugha hauna mwenye nyumba mmoja. Mwanafunzi aliyesoma Kituruki, Kijerumani au Kirusi anaweza kufukuzwa na chuo, kunyimwa visa, kuishiwa na fedha, na akarudi Mombasa na kitu ambacho hoteli, kampuni ya meli au afisi ya tafsiri itamlipa. Aliyesoma faundesheni ya chuo kimoja na akakosa asilimia nne hana cha kumwonyesha mwajiri wa Moi Avenue. Ndiyo maana sizipimi kozi hizi kwa bei peke yake. Napima kinachobaki mkononi siku mambo yakiharibika.

Yule kijana wa Mtwapa anataka kuwa wakili, tena wakili wa hapa Kenya. Nilimwomba hati yake ya matokeo. Kiingereza C+, Kiswahili B. Nikacheka, na mama akanishangaa. Sheria ya Kenya School of Law ya 2012 inamtaka mwenye shahada ya sheria kutoka nje awe na C+ ya jumla katika KCSE na gredi ya B katika Kiingereza au Kiswahili kabla ya kupokelewa kwa mafunzo ya uwakili. Kipengele hicho kimepelekwa mahakamani mara nyingi na watu waliopanda ngazi kidogo kidogo, cheti baada ya diploma baada ya shahada, wakafika mlangoni na kuambiwa gredi yao ya kidato cha nne haitoshi. Kozi ya maandalizi haifuti KCSE. Mabaraza ya taaluma nyingine pia, udaktari mmojawapo, huangalia nyuma hadi kidato cha nne. Kwa kijana huyu, kitakachompa haki ya kubisha hodi pale ni B yake ya Kiswahili, lugha aliyonyonya Mtwapa bila kulipa senti. Na kwa gredi hizo hizo anatimiza masharti ya chini ya kusomea sheria humu humu nchini.

Ajenti alikuwa amewaambia lolote kati ya haya? Hapana. Na sidhani alidanganya. Ajenti wa masomo hulipwa na chuo, kwa kawaida sehemu ya karo ya mwaka wa kwanza, kila anapompeleka mwanafunzi. Hakuna anayemlipa kwa kumtaja Tudor, Tanga, Türkiye Bursları au Studienkolleg ya serikali. Ushauri wake wa bure unalipiwa na mama, ndani ya ile karo. Kwa ajenti wa kazi za Ghuba tumeumwa na nyoka kiasi kwamba sasa hata bibi kizee wa Likoni huuliza kama wameandikishwa na National Employment Authority. Ajenti wa masomo anakuja na suti na nembo ya chuo, tunamtilia chai.

Afisi za serikali nazo haziwi ngao kila mara. Kaunti ya Uasin Gishu ilianzisha mpango wa kuwapeleka vijana Finland na Canada mwaka 2021. Wazazi waliuza mashamba na ng'ombe, wakalipa kupitia kaunti wakiamini kwamba pesa zikipita serikalini ziko salama. Vyuo vya Finland vikalalamika karo haijafika, wanafunzi wakakwama, wengine hawakuondoka kabisa. Agosti 2023 aliyekuwa gavana wakati mpango ukianza, na ambaye sasa alikuwa seneta, alifikishwa mahakamani pamoja na maafisa kwa mashtaka yanayohusu takriban shilingi bilioni 1.1. Waliyakanusha. Nawataja kwa sababu nimesikia wagombea wawili wa huku kwetu wakiahidi mpango kama huo kabla ya uchaguzi wa 2027, na makofi yalikuwa mengi.

Kuna pia matangazo ya kazi na masomo Urusi. Urusi ina kozi za maandalizi za kweli, za mwaka mmoja wa lugha, na Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba kimefundisha Waafrika tangu 1960. Hayo ni tofauti na ule mpango wa Alabuga, ambao shirika la habari la AP liliuchunguza mwaka 2024 na kukuta wasichana wa Afrika, wakiwemo wa Kenya, waliovutwa kwa ahadi za kazi na mafunzo wakiunda droni za vita. Mzazi mwenye binti wa miaka 18 hadi 22 aisome habari hiyo yote.

Tulikaa na yule mama na mwanawe hadi alasiri. Sikumwambia auze wala asiuze. Kiwanja ni chao na mtoto ni wao. Tuliandika barua pepe kwa koleji, kijana mwenyewe akiichapa kwa simu yake. Aliuliza cheti chao kinapokelewa na vyuo gani vingine, kwa majina. Aliuliza visa ikikataliwa amana inarudi kiasi gani. Na aliuliza, kati ya wanafunzi wa mwaka jana walioanza maandalizi wakilenga sheria, wangapi waliingia sheria.

Baada ya siku mbili walijibu kwa adabu. Cheti kinapokelewa na chuo chao, na kwa vyuo vingine mwanafunzi aulize mwenyewe. Amana hurudishwa visa ikikataliwa, ikipunguzwa ada ya usimamizi; hairudishwi mwanafunzi akibadili nia, wala ikigundulika kwamba hati zake zina kasoro. Kuhusu swali la tatu walisema wamelipeleka kwa idara inayohusika.

Mwezi umekwisha. Ajenti amempigia mama mara nne kumwambia chuo kimesogeza mbele siku ya mwisho kwa ajili yao maalum. Mteja wa kiwanja anasema naye ana haraka. Kijana ameingia kwenye tovuti ya KUCCPS kuangalia kozi zilizobaki, bila mama kumwambia. Idara inayohusika haijajibu.